Mashine isiyohitaji mjukuu: jinsi ya kuunda mashine ya kujihudumia ambayo kila mtu ataitumia mwenyewe

Bibi mmoja muuza dagaa alikuwa akifika gatini kila Jumanne na mjukuu wake, mtoto wa darasa la tatu hivi. Kubonyeza ilikuwa kazi ya mtoto. Bibi alisimama nyuma yake na beseni kichwani, akitaja kwa sauti iliyofika hadi kwa mama lishe: "Weka moja. Tisa. Tano. Mbili." Mwaka aliozaliwa, na ndiyo namba ya siri ya kadi yake ya nauli. Foleni nzima tulikuwa tunaijua.

Mashine ile ya tiketi tuliiunda mimi na wenzangu wawili. Tuliifunga kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela, Mwanza, na kuiandika ubavuni kwa rangi ya bluu: JIHUDUMIE. Bibi hakujihudumia hata siku moja. Alihudumiwa na mtoto, na mtoto asipokuwapo alihudumiwa na yeyote aliyekuwa nyuma yake.

Tangu hapo nina kipimo kimoja: mashine imefaulu pale mtu anapomaliza shughuli yake bila kumpa mwingine kadi, simu wala namba ya siri. Sentimita, kilo na sekunde nitakazotaja hapa chini zote zinatumikia kipimo hicho. Mwongozo huu ni wa anayeunda, anayenunua au anayefunga mashine yoyote ya namna hiyo, iwe ya tiketi, ya fedha, ya maji ya kulipia kabla au ya kutoa namba za foleni. Vipimo vingi nimevichukua kwenye viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya majengo na vifaa vinavyofikika na watu wenye ulemavu, ambavyo vina sehemu maalumu ya mashine za fedha na za nauli. Pale ambapo havilingani na maisha ya huku nitasema.

Hatua ya 1: Kaa kwenye kigoda siku nzima

Kabla hujachora chochote, nenda mahali mashine itakapokaa. Ukae kuanzia boti ya kwanza hadi ya mwisho. Chukua daftari, chora safu tatu: amekwama wapi, nani amemsaidia, amempa nini huyo msaidizi. Usiandike "mlemavu" wala "mzee". Andika kilichotokea: "Hakuona tundu la kadi." "Mkono mmoja umeshika mtoto." "Vidole vimelowa, skrini haimsikii."

Safu ya tatu ndiyo yenye habari. Anayeelekezwa kwa mdomo hajapoteza kitu, lakini aliyetoa kadi na namba yake ameshatoa pochi.

Nilikaa hivyo asubuhi moja karibu na Mwaloni wa Kirumba, wakati dagaa na sangara wanashuka, nikatazama tu watu wanaopita. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Kijana aliyefungwa plasta mkono wa kulia. Mpakizi ambaye mikono yake haikauki tangu alfajiri, imejaa maji ya barafu na magamba. Mzee anayeshika karatasi mbali na macho kwa sababu miwani imebaki nyumbani. Msichana mwenye ualbino, kofia pana kichwani. Jamaa wa baiskeli ya matairi matatu. Vijana wawili viziwi wanaopiga porojo kwa mikono, wanacheka kuliko sisi sote. Ukiwaondoa hao wote kwenye michoro yako, unabaki na mtu mmoja: wewe mwenyewe, ofisini, mikono mikavu, umeme upo.

Hatua ya 2: Anza na ardhi

Mwanza ni mji wa mawe na miinuko, na mafundi wetu wanapenda ngazi. Mashine nzuri juu ya ngazi tatu ni pambo. Mahali pasipo tambarare, weka njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinadai njia ya zaidi ya mita 5. Ndiyo, ni ndefu. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kuishusha mashine kuliko kumpandisha mtu.

Mbele ya mashine acha uwanja mgumu, usio na mchanga wala kokoto. Viwango vinasema sentimita 76 kwa 122, ambayo ni nafasi ya kiti mwendo kimoja, na duara la sentimita 152 mahali pa kugeuzia. Hapa ndipo vipimo vya wenzetu vinapotuangusha. Watu wengi wa huku hawatumii kiti mwendo kile cha hospitali. Wanatumia baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono, yenye mnyororo na tairi refu mbele, na nyingine zina sanduku la biashara nyuma. Haiingii kwenye hizo sentimita 122, na haigeuki kwenye hilo duara. Isitoshe, tairi la mbele linazuia mtu asiikabili mashine uso kwa uso, anakuja ubavu. Nenda kwa mwenye nayo, muombe, chukua futi kamba, pima urefu, upana na umbali wa kuanzia bega lake hadi ukingo wa nje wa tairi. Halafu chora uwanja wako kwa namba hizo. Acha upande mmoja wa mashine wazi kabisa ili apite sambamba nayo na atokee upande wa pili bila kurudi nyuma.

Na uulize nani atatumia uwanja huo ukiondoka. Kivuli kikishapatikana, ndani ya wiki kuna mwavuli wa wakala wa pesa, meza ya karanga na bodaboda mbili. Sisi tuliweka benchi la kukaa pembeni, mbali kidogo, na kivuli chake chenyewe. Watu walihamia kwenye benchi. Kuwafukuza kusingetusaidia.

Hatua ya 3: Urefu, goti na nguvu ya mkono

Kila kitu kinachoguswa (tundu la kadi, vitufe, mahali risiti inapotokea, mahali chenji inapodondokea) kiwe kati ya sentimita 38 na 122 kutoka ardhini. Hiyo ndiyo mipaka. Mimi huvikusanya kati ya 80 na 110, ambapo mtu aliyekaa anafika bila kujinyoosha na aliyesimama hainami sana. Chenji kudondokea chini kabisa ni tabia ya kurithi kutoka mashine za soda. Mwenye mgongo mbovu na mwenye mimba wote wanailaani.

Kwa anayekuja uso kwa uso na kiti mwendo, acha uwazi wa goti chini ya mashine: urefu usiopungua sentimita 68 na nusu, upana 76. Skrini isomeke kutoka kwenye jicho lililo sentimita 101 na nusu juu ya ardhi. Namna ya kupima: kaa kwenye kigoda, simu yako iwe kwenye urefu huo, piga picha. Ukiona dari badala ya maandishi, ilaze skrini nyuma kidogo.

Halafu nguvu. Sehemu yoyote ifanye kazi kwa mkono mmoja, bila kubana kwa vidole viwili, bila kukaza ngumi, bila kuzungusha kifundo cha mkono, na isidai zaidi ya niutoni 22, ambazo ni kama kilo 2 na robo. Huhitaji maabara. Kwa kitu cha kuvuta, kama mlango mdogo wa kutolea risiti, azima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, tia ndoano, vuta taratibu, soma. Kwa kitu cha kubonyeza, weka vitufe juu ya mizani ya dukani na ubonyeze mpaka kiitike. Mlango wetu wa kwanza ulisoma kilo 4. Fundi alisema ni springi imara. Tuliitoa.

Hatua ya 4: Vitufe vya kweli

Skrini ya kugusa inapendeza kwenye picha za mauzo. Kwa asiyeona ni kioo kitupu, na kwa mpakizi wa samaki ni kioo kisichomtambua, kwa sababu skrini nyingi za sasa huhisi umeme wa ngozi na maji huzivuruga. Mtu anayetetemeka mikono hugusa mara mbili, na mashine humkatia tiketi mbili. Sisemi uiache. Iweke, lakini chini yake weka vitufe vya kushika, na hakikisha kila shughuli, kuanzia mwanzo hadi mwisho, inakamilika kwa vitufe peke yake.

Mpangilio uwe wa simu, 1 2 3 juu, usiwe wa kikokotoo. Kitufe cha 5 kiwe na kinundu katikati. Watu wetu wanakijua tayari kutoka kwenye simu za kitochi na kwenye mita za LUKU. Nimemwona mzee asiyeona akiingiza tarakimu zote 20 za tokeni, kidole chake cha kati kikirudi kwenye 5 kila baada ya tarakimu nne kama mtu anayeweka alama kwenye bao. Mita ile ina kinundu kimoja tu cha plastiki.

Vitufe vya kuendesha shughuli navyo vina alama zake za kupapasa zinazotumika kwenye mashine za fedha: kukubali ni duara, kufuta ni mshale unaotazama kushoto, kughairi ni X. Rangi ya kijani, njano na nyekundu ziwepo, lakini zisiwe peke yake, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na jua la huku huzifubaza zote zikawa rangi moja ndani ya miezi.

Kuhusu maandishi ya nukta nundu: weka, hata kama wasomaji ni wachache. Angalau bamba moja dogo linalosema mahali pa kuchomeka eafoni na namna ya kuanzisha sauti. Ila usifanye nilivyofanya. Nilimpa mchomeleaji michoro, akapiga nukta kwa riveti. Zilipendeza. Mwalimu mmoja asiyeona alipitisha kidole, akanyamaza, akasema: "Baba, hii ni barabara ya kokoto." Nukta huachana kwa milimita 2 na nusu hivi na kuinuka chini ya milimita 1, riveti moja inameza herufi nzima. Tengenezesha bamba kwa anayejua kazi hiyo, kisha msomaji wa nukta nundu alithibitishe kabla halijafungwa. Tuliwahi pia kulifunga bamba sahihi juu chini.

Hatua ya 5: Sauti

Hapa ndipo nitakapokawia, kwa sababu ndipo wengi wanapokata bajeti.

Mashine za fedha zilianza London mwaka 1967. Ilibidi ifike Oktoba 1997 ndipo benki moja ya Kanada ikafungua jijini Ottawa mashine iliyosema na wateja wasioona. Miaka 30 katikati. Na teknolojia iliyohitajika haikuwa ya ajabu: tundu la eafoni na sauti iliyorekodiwa. Tundu la milimita 3 na nusu ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa ndani ya mashine yako.

Kwanza, siri iende sikioni. Salio, kiasi na majina visisemwe kwa spika ya nje hata kidogo. Spika ya nje ina kazi moja, kumwita mtu: "Chomeka eafoni kwenye tundu lililo chini kushoto kwa vitufe, lenye pete iliyoinuka." Eafoni ikichomekwa, sauti ianze yenyewe. Ikichomoka katikati ya shughuli, sauti ikatike papo hapo na mashine isubiri. Namba ya siri isitamkwe kabisa. Kila tarakimu itoe mlio mmoja uleule. Na mpe mtu uwezo wa kuzima mwanga wa skrini anapotumia sauti, maana asiyeona hajui nani yuko nyuma ya bega lake.

Pili, taja jambo kwanza na kitufe baadaye. Sema "Kununua tiketi, bonyeza 1," usiseme "Bonyeza 1 ili kununua tiketi." Msikilizaji anasubiri neno lake, akilisikia ndipo anahitaji namba. Ukianza na namba, ataisahau kabla hujafika. Hivi ndivyo tulivyomalizia yetu:

"Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza 1. Mwangaluka..." (hapo inaendelea kwa Kisukuma, kitufe cha 2.)
"Kununua tiketi, bonyeza 1. Kujua salio, bonyeza 2. Kusikia tena, bonyeza 0. Kuacha, bonyeza kitufe chenye X, safu ya kulia, juu kabisa."
"Tiketi moja ya mtu mzima. Boti ya saa mbili asubuhi. Kukubali, bonyeza kitufe chenye duara."

Mtu anayeijua mashine akibonyeza kabla sentensi haijaisha, sauti ikatike na iende mbele. Usimlazimishe kusikiliza utangulizi kila siku kama mgeni. Kitufe kimoja kiongeze sauti. Injini ya boti ikiwa inanguruma, sauti ya studio haisikiki.

Tatu, rekodi mtu. Sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili zimekuwa nzuri, lakini maneno ya mashine ya tiketi hayafiki 200, na mtu mwenye sauti safi atayamaliza kwa siku moja. Sisi tulirekodi na mtangazaji mstaafu, mama wa makamo, ambaye bibi wa dagaa anamwita "yule wa ndani ya sanduku". Kisukuma kirekodiwe na Msukuma wa kweli, tena anayezungumza na wateja. Mwanafunzi aliyekitafsiri kutoka karatasini hatakufaa. Ukifunga mashine Nansio, kisiwani Ukerewe, uliza kwanza. Kule utakutana na Kikerewe na Kijita.

Nne, saa. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nimeshamkosesha mtu boti. Kompyuta ilikuwa na 08:00. Mimi, usiku wa manane, nimechoka, niliunganisha faili la "saa" na faili la "nane". Mzee mmoja asiyeona alisikia "saa nane", akarudi zake kunywa chai, akaja saa nane mchana na tiketi ya boti iliyoondoka saa mbili asubuhi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mimi ni mtu wa huku. Toa sita au ongeza sita, kisha taja sehemu ya siku kila mara: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kwenye karatasi pia, chapa "saa 2:00 asubuhi".

Namba ndefu zisomwe kwa mafungu. Tokeni ya tarakimu 20 ni mafungu matano ya nne nne, na katikati ya fungu na fungu kimya cha sekunde mbili, na kitufe cha kurudia fungu lile tu. Fedha zisomwe kwa maneno kamili: "elfu tatu na mia tano", kamwe si "tatu tano sifuri sifuri".

Simu nyingi mpya hazina tundu la eafoni, na eafoni zisizo na waya haziingii popote. Weka eafoni za bei ndogo zikopeshwe kwenye dirisha la tiketi, na vifuniko vya sponji vya kubadilisha. Usimwambie asiyeona "tumia simu yako basi". Menyu ile ya nyota na reli kwenye kitochi haisemi.

Hatua ya 6: Skrini na jua

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua linachomoza usoni mwa anayetazama mashariki na kuzama usoni mwa anayetazama magharibi, mwaka mzima. Basi elekeza skrini kaskazini au kusini, weka paa dogo juu yake, na umemaliza nusu ya tatizo bila kununua skrini ya gharama. Yetu ilitazama ziwa, magharibi, kwa sababu ya mandhari. Kuanzia saa kumi jioni ilikuwa kioo cha kujitazamia nywele.

Herufi ndogo kabisa zinazokubalika kwenye mashine za fedha ni kama milimita 5. Mimi huanza na 8. Tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake isiwe chini ya 4.5 kwa 1. Programu za kupima zipo bure, lakini hata hii inatosha kukuonya: piga picha skrini yako, igeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kitufe kilichopotea kwenye picha kimepotea kwa watu pia. Toa chaguo la nyuma nyeusi na maandishi ya njano au meupe.

Watu wenye ualbino wanastahili mchoro wao. Wengi huona kwa shida, macho huchezacheza, mwanga huwaumiza, na husoma uso ukiwa karibu na kioo, wakati mwingine sentimita 10 tu. Kwa hiyo usizungushie vitufe kile kibati cha kuficha namba ya siri kikatokeza hadi kuzuia uso. Na kumbuka kofia. Paa letu dogo lilikuwa chini, likavua kofia ya yule msichana mbele za watu, jua likampiga. Sasa paa liko mita 2 na sentimita 10, na limetokeza mbele zaidi.

Asiyesoma asaidiwe na picha, lakini picha za huku: boti yenye umbo la boti yetu, noti yenye rangi ya noti yetu, mtu mzima na mtoto wanaoonekana kama watu. Waonyeshe watu kumi picha bila maneno, waulize "hii ni nini?" Picha ya bahasha, ya gia na ya kikapu chenye magurudumu hazitapita.

Hatua ya 7: Muda

Mashine ya haraka humuadhibu anayeenda pole. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, ambayo inafaa sana hapa, inasema mtu aonywe kabla muda haujaisha, apewe sekunde zisizopungua 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi, na aweze kuomba hata mara 10. Onyo lionekane na lisikike: "Unahitaji muda zaidi? Bonyeza kitufe chochote." Kadi isimezwe kwa sababu ya uzee. Na muda uanze kuhesabiwa sauti ikishamaliza kusema, isiwe inapoanza. Kosa hili nimelikuta kwenye mashine zaidi ya moja, sauti inasoma machaguo na muda unaisha kabla ya chaguo la mwisho.

Hatua ya 8: Kiziwi asipewe mlio

Kila mlio uwe na mwenzake wa mwanga na maneno. "Kadi imekataliwa" iandikwe, pamoja na sababu na la kufanya. Namba ya msaada iliyobandikwa iwe inapokea ujumbe wa maandishi. Nyingi zinapokea simu tu. Sentensi ziwe fupi, kwa kuwa kwa wengi wao lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha kuandika ni cha pili. Video fupi ya ishara kwenye ukurasa wa kwanza huwa na faida, ila wakalimani waiongoze wao.

Hatua ya 9: Alama ya kidole isiwe mlango pekee

Mvuta nyavu, mponda kokoto, mfua nguo wa siku zote: alama zao zimelika. Wengine hawana kidole hicho, au mkono huo. Kidole kikiwa njia mojawapo, sawa. Kikiwa njia pekee, umemfungia nje mtu kwa sababu ya kazi yake. Namba ya siri au kadi iwepo pembeni, bila fomu ya kuomba.

Hatua ya 10: Jaribu na wenyewe

Kufunga kitambaa machoni na kupapasa mashine yako hakukufanyi asiyeona. Kunakufanya mtu aliyezibwa macho. Nenda kwenye vyama: Chama cha Wasioona (TLB), Chama cha Viziwi (CHAVITA), Chama cha Watu Wenye Ualbino (TAS), au shirikisho lao, SHIVYAWATA. Lipa nauli na posho kama unavyomlipa mshauri mwingine yeyote. Alika angalau watu sita wenye hali tofauti, na wafike mashine ingali ya mbao. Mfano wa plaiwudi wenye vitufe vya kuchorwa unatosha kugundua kwamba tundu la kadi liko juu mno, na msumeno ni rahisi kuliko kuchomelea upya.

Wape kadi za majaribio na namba za kubuni, usije ukawachukulia siri zao wakati unajaribu kuzilinda. Mpe mtu kazi moja: "Nunua tiketi ya kesho asubuhi." Kisha tia mikono mfukoni. Usiseme "hapo, kulia kidogo". Hiyo sauti yako haitakuwapo gatini. Akikwama, mwache akwame mpaka aseme basi, halafu muulize alitegemea kukuta nini.

Bibi wa dagaa alikuwa miongoni mwa waliojaribu mashine ya pili. Mjukuu alikaa kwenye benchi na andazi. Mara ya kwanza bibi alighairi bila kukusudia, mara ya pili alisikiliza Kisukuma mpaka mwisho na kucheka peke yake, mara ya tatu karatasi ikatoka. Kadi yake halisi ameshaibadilisha namba. "Mwanangu," aliniambia, "ile ya zamani ilikuwa ya kijiji."

Bosi au mfadhili akisema hayo yote ni hisani, mkumbushe kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinahusu ufikikaji, na kwamba tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010.

Hatua ya 11: Ikishafungwa

Dirisha la tiketi lenye mtu ndani libaki. Nalo liwe na kaunta ya chini upande mmoja.

Umeme ukikatika, betri iimalizie shughuli iliyoanza na kurudisha kadi, kisha ndipo izime. Jioni vile vidudu vya ziwani vinapokuja kama moshi, hufuata mwanga wa skrini na kuziba matundu ya spika na feni. Weka wavu mwembamba unaotoka kwa skrubu mbili, na brashi kuukuu ya meno ndani ya kisanduku. Tundu la eafoni huingia kutu kwa unyevu wa ziwa, kwa hiyo liwe la kubadilishwa bila kufungua mashine nzima.

Sauti ikifa, hakuna anayeona atakayekuambia. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, mhudumu achomeke eafoni, anunue tiketi ya majaribio akiwa ameipa skrini mgongo, aandike saa na jina lake kwenye daftari lile lile la hatua ya kwanza. Siku mashine isiposema, anafungua dirisha mapema na kumpigia fundi kabla ya boti ya saa mbili.